Nyumba Tisa Zilizojibiwa Barazani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa chini ya ngazi ya ofisi yetu pale Mji Mkongwe navua viatu, nikamsikia Salum anapiga kelele juu: "Tumetajwa tena! Jamani, tumetajwa tena!" Watu wakacheka, mmoja akapiga kigelegele. Mimi sikupanda. Nikavaa tena viatu vyangu, nikatoka, nikazunguka vichochoro mpaka jasho likanikauka. Ndipo nikarudi, nikajitia na mimi nimefurahi.

Nitakueleza sababu yake, lakini nenda na mimi taratibu. Jambo hili sijalieleza watu wengi.

Kwanza ujue kutajwa ni nini. Mtafiti wa maradhi akimaliza kazi yake huiandika makala, ikachapishwa katika jarida la wataalamu. Wataalamu wenzake, wa karibu na wa mbali, wakiisoma na kuitegemea, huitaja katika maandishi yao: fulani amesema hivi, tazama makala yake. Heshima ya mtafiti hupimwa hapo. Huulizwa ameandika mangapi, na waliomtaja ni wangapi. Salum, karani wetu wa kompyuta, alibandika ukutani karatasi ndefu kama kanzu, na kila aliyetutaja alimwandika humo kwa kalamu nyekundu.

Aliyekuwa akitajwa hasa ni mkuu wetu, Dokta Zuhura, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alikuwa bingwa wa kichocho, yale maradhi ya kukojoa damu ambayo mtu huyapata akiingia katika maji yenye konokono. Chuo kilitaka kumpa uprofesa, na kamati ilikuwa inangoja kuiona orodha ile ya ukutani. Makala yake iliyotajwa kuliko zote ilikuwa ya vijiji vya kaskazini ya Unguja. Na ndani ya makala ile mlikuwa na nyumba tisa ambazo ni mimi niliyezileta.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Kisomo changu kiliishia darasa la saba. Naandika polepole, lakini mwandiko wangu unasomeka, na kwa mwandiko huo Dokta Zuhura alinipa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na fomu za maswali. Mnateka wapi maji? Nguo mnafulia wapi? Kwa wiki mnaingia bwawani mara ngapi? Maswali yalikuwa mepesi. Mzito nilikuwa mimi. Nilikuwa na haya, mwanangu, haya ya kushindwa kuomba chumvi nikiwa ugenini.

Siku hiyo nilipelekwa kijiji kimoja nyuma ya Mkokotoni, nikapewa safu ya nyumba tisa zilizopakana na mfereji. Mfereji sisi ndiyo bomba la maji. Mwenzangu alikwenda upande wa pili, mimi nikabaki peke yangu. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wanaume wamo sokoni na baharini. Nikapiga hodi nyumba ya kwanza. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani: "Karibu, lakini mwenyewe hayupo."

Unazijua ada zetu. Kijana mgeni hasimami mlangoni pa nyumba isiyo na mwanamme akaanza kuwahoji wanawake, tena awaulize wanakooga na wanakofua. Wenzangu walikuwa na njia zao. Walisimama kando wakauliza kupitia pazia, au walimwomba bibi mtu mzima wa mtaani akawafungulia njia. Na mimi nilifundishwa hivyo. Lakini ulimi ulinata. Nikasema, "Basi nitarudi," nikaondoka.

Nyumba ya pili nilipiga hodi mara tatu, na kinu nakisikia kinatwangwa uani, lakini hakuna aliyeitika. Nyumba ya tatu wasichana walikuwa ndani, wakaanza kuchekana. Mmoja akasema kwa makusudi nimsikie: "Mwambieni aingie huyo, sauti kama ya kifaranga!" Hapo nikaishiwa kabisa.

Mwisho wa safu, juu ya baraza, alikuwa amekaa Mzee Khatibu na buli lake la kahawa. Akaniita.

"Wewe kijana, mbona unazunguka kama uliyepotelewa na mbuzi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Akacheka. "Hayo tu? Kaa hapa uandike. Nyumba zote hizi wanatumia mfereji. Bwawani haendi mtu. Hayo yalikuwa zamani."

"Zote tisa, mzee?"

"Mimi nimezaliwa hapa, kijana. Unanisaili mimi?"

Nikakaa. Akanimiminia kahawa, akanisogezea kashata, na mimi nikajaza fomu tisa juu ya magoti yangu. Mkono wangu mzito siku zote, siku ile ulikimbia. Chini ya kila fomu palikuwa na mahali pa kuandika nani aliyejibu. Nikaandika: mama wa nyumba. Nikaandika hivyo mara tisa.

Usimlaumu Mzee Khatibu, mwanangu. Yeye alisema alichokijua, na alichokijua ni kuitetea heshima ya mtaa wake mbele ya mgeni. Aliyeongopa ni mimi.

Nilidhani yamekwisha pale. Fomu zilikuwa nyingi, zangu tisa zingepotea humo kama mchanga ndani ya mchele. Kumbe mchanga ndani ya mchele haupotei, hungoja meno. Katika vijiji vyote tulivyopita, safu iliyokuwa karibu sana na mfereji ni ile yangu tu. Dokta Zuhura alipozifungua fomu akashangaa. Nilimwona akiwaita wenzake: "Njooni muone, hili sikulitarajia." Na akaliandika katika makala: mahali penye mfereji wa karibu, wanawake wameacha kwenda bwawani. Sentensi ile ilikuwa na mguu mmoja tu wa kusimamia.

Ningesema siku ile. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikamkuta anazungumza kwa furaha, nikajiambia nitasema kesho. Kesho ile ilichukua miaka minne.

Makala ikachapishwa, ikaanza kutajwa. Mwanzo walikuwa madaktari wa kichocho, na hao nikasema si kitu, ni wenyewe kwa wenyewe. Halafu wakaja wanaochunguza konokono. Halafu mtaalamu wa mambo ya elimu, aliyeandika kwamba watoto wa kike wataokoa masaa ya skuli wakijengewa mifereji. Akaja na mwengine asiyejua lolote la tiba, kazi yake ni kuandika juu ya kazi za wanawake majumbani. Wote waliichukua sentensi ile ile. Salum akinitafsiria kwa raha, na mimi naitikia kwa kichwa, na moyoni nahesabu: imeingia nyumba nyengine. Mimi niliyeshindwa kuingia nyumba tisa, uongo wangu ulikuwa unaingia nyumba za watu nisiowajua, hata hodi haupigi.

"Mcha, yakhe, mbona unakonda?" Salum aliniambia siku moja. "Umechumbia nini? Kama ni mahari sema tukuchangie."

Nikacheka. Chakula kilikuwa hakishuki. Kila simu ikilia ofisini nadhani ni mtu amegundua. Kila nikiitwa na Dokta Zuhura naitika "Naam" nikidhani ameshajua, kumbe ananitaka nikamnunulie wino. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nauficha ugonjwa ofisini kwa mabingwa wa kutibu.

Basi wiki moja kabla ya kamati kukaa, akaja mhandisi wa maji. Mkononi ana makala yetu, ameipiga mstari wa rangi ya manjano pale pale. Alikuwa na mradi wa kuwajengea wanawake mabirika ya kufulia, yaani matangi ya saruji yenye maji safi, ili wasiingie bwawani. "Dokta," alisema, "makala yako imenirahisishia kazi. Safu zilizo karibu na mfereji nimeziondoa, maana hawana haja. Nataka nikaione moja tu, niipige picha ya mfano."

Dokta Zuhura akaniita. "Mcha ataikumbuka njia. Mpeleke."

Tulikwenda Jumatano asubuhi kwa gari ya mradi. Njia nzima yeye anazungumza, mimi nasoma kila dua niliyofunzwa chuo cha Kurani. Tulipoingia tu katika safu ile tukamkuta mwanamke anapanda kutoka upande wa bwawa. Ana beseni la nguo mbichi kichwani, kanga yake imeroa mpaka magotini, na nyuma yake wasichana wawili wadogo wamebeba ndoo. Jina lake Bi Mize, mke wa nyumba ya pili, ile iliyokuwa na mlio wa kinu.

Mhandisi akamsalimu, akamuuliza kwa upole: "Bi, kwani hamtumii mfereji huu?"

"Mfereji upi? Huu?" Bi Mize akautua mzigo wake. "Huu hupiga chafya alfajiri siku moja moja, ukatoa ndoo mbili, ukalala. Nguo za watoto sita nizifue kwa chafya?"

"Lakini tumeandikiwa kuwa bwawani hamwendi tena."

"Na nani?"

"Waliulizwa kina mama wenyewe."

"Mama yupi? Mimi nimeolewa hapa mwaka wa kumi na nane huu, sijaulizwa na mtu." Jirani yake akachungulia mlangoni, akadakia: "Labda kaulizwa Mzee Khatibu!" Bi Mize akacheka mpaka akashika kiuno. "Mzee Khatibu! Tangu lini Mzee Khatibu kafua hata kofia yake?"

Wote wakacheka, na mhandisi akacheka. Mimi nikatazama chini. Halafu Bi Mize akashusha sauti, akamwonesha kwa jicho mmoja wa wale wasichana. "Huyu nshampeleka hospitali mara mbili. Akipewa dawa hupona, tukirudi bwawani damu inarudi. Nifanyeje, baba? Nguo zisifuliwe?"

Mtoto mwenyewe alikuwa anauchezea mpini wa ndoo. Miaka kumi hivi. Nilipomtazama nikafanya hesabu ambayo sikuitaka. Nilipojaza fomu zile, alikuwa na sita.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo shetani aliponiandalia kiti kizuri. Tuliporudi garini mhandisi akaniambia: "Hali imebadilika tu. Mlipouliza nyinyi mfereji ulikuwa unatoa maji, sasa umekufa. Si kosa la mtu. Lakini orodha yangu naifunga Ijumaa, na nimeijenga juu ya maandishi ya Dokta. Bila ya maandishi yake mengine siwezi kuirudisha safu hii."

Unaona? Udhuru ulikuja wenyewe, tena kutoka kinywani mwa mtu msomi. Ningenyamaza tu. Makala ingebaki safi, kamati ingekaa Jumatatu, Dokta wangu angekuwa profesa, na mimi ningekula chakula. Ila safu ile ingengoja awamu nyengine, na nani anaijua awamu nyengine ni lini. Nilikuwa na siku mbili. Kutoka Mkokotoni mpaka mjini niliinamia magoti yangu, na mhandisi akadhani gari inanichafua moyo, akanifungulia kioo.

Nilipanda ngazi bila ya kuvua viatu. Dokta Zuhura yuko mezani, miwani puani.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Nyumba mmeziona?"

"Zile nyumba tisa, Dokta. Mimi sikuziingia."

"Sikukufahamu."

"Wanawake hawakutoka. Alijibu mzee mmoja barazani, zote. Mimi nikaandika mama wa nyumba."

Akavua miwani. Chumba cha pili mashine ya Salum ilikuwa inachapisha, naisikia mpaka leo. "Zile za karibu na mfereji?"

"Ndizo hizo hizo."

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliona haya."

Akawa anaifuta miwani ile kwa upindo wa mtandio wake, hata nikatamani anitukane. Halafu akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo: "Haya ya mlangoni naijua. Na mimi nimekulia humu humu. Ungeniambia, Dokta, wanawake hawakutoka, ningekwenda mwenyewe, au ningempeleka msichana. Kukutuma peke yako lilikuwa kosa langu na nitaliandika. Lakini miaka minne, Mcha! Kila Salum akipiga kelele ulikuwa unasikia. Ukaja ukala halua pamoja na sisi."

"Nisamehe, Dokta."

"Huko sijafika. Kaa. Andika ulivyofanya, kwa mkono wako."

Nikakaa. Niliandika kutoka alasiri mpaka jua likaacha dirisha. Maneno mengine niliyafuta mara tatu. Hakunihimiza. Katikati Salum akaingia na bunda la karatasi, ana furaha zake. "Dokta, orodha ya kamati nshaipanga. Makala ya kaskazini nimeiweka juu kabisa."

"Itoe."

"Niitoe?" Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Lakini si ndiyo iliyotajwa na watu wote!"

"Ndiyo sababu, Salum. Itoe."

Alipotoka, Dokta Zuhura akanigeukia, akanipa maneno ambayo nimeyabeba umri wangu wote. "Mtu akikutaja," alisema, "umempokea mgeni. Akija daktari, akija mhandisi, akija mwalimu, wote wanakalia kiti ulichowawekea wewe. Mimi nilikuwa nawahesabu wageni nikifurahi wamejaa, sikupata hata siku moja kuinama nikatazama miguu ya viti. Wewe ulijua kimoja kimevunjika, ukawa unawakaribisha."

Jioni ile ile alimwandikia mhandisi. Alhamisi aliliandikia jarida kwamba sentensi ile haisimami, na kwamba kosa ni la kazi yake. Halafu akaanza kuwaandikia waliotutaja, mmoja mmoja, na Salum ndiye aliyekuwa akisoma majina kutoka karatasi ya ukutani, sauti yake imekufa kama anayesoma majina ya maiti. Wako waliojibu kwa shukurani, na wako waliokasirika. Wengi hawakujibu.

Mhandisi aliifungua orodha yake na safu ile ikapata birika lake. Kamati nayo ikakaa Jumatatu, ikaiona orodha imepungua, ikasema Dokta Zuhura angoje. Alingoja miaka mitatu. Wenzake waliokuwa wakimwita profesa kwa utani wakaacha utani. Mimi kazi hakunifukuza, ila mwaka mzima sikushika fomu, niliosha chupa za maabara. Na kabla ya hapo alinirudisha kijijini pamoja na dada mmoja mwandishi wa fomu, nikapige hodi nyumba zote tisa na kuomba radhi kwa mdomo wangu. Bi Mize alinisikiliza amekunja mikono. "Leo ndio mmekumbuka kwamba na sisi tuna midomo?" akasema. Kisha akatoa mkeka. "Haya, kaeni muandike. Na msiandike upesi."

Utasema basi yamekwisha kwa heri. Hapana, mwanangu, na hili ndilo linalonikosesha raha. Mwaka jana niliambiwa kuwa mtu wa nchi ya mbali ameiandika tena sentensi ile. Hakumtaja Dokta Zuhura, alimtaja mtu aliyemtaja mtu aliyemtaja yeye. Barua yetu ya masahihisho haikufika huko. Sijui wapi kuna safu nyengine ya nyumba imeondolewa katika orodha ya mtu kwa ajili ya kahawa na kashata za siku ile. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yangu bado yanatiririka. Mvi zimeniingia ndevuni, na sijui yatakauka lini.

Basi wewe unayeanza kazi leo, ukiwa na kalamu au na hicho kishikwambi, nakuusia. Ukipiga hodi usiitikwe, andika: sikumkuta. Mstari mtupu hauna aibu, na mkubwa wako atajua la kufanya nao. Jambo la mtu muulize mwenyewe, usimuulize jirani anayempenda wala anayemchukia, na ukiona haya, sema una haya, utapewa mtu wa kukusaidia. Kazi yako ikisifiwa, usiulize kwanza wamekutaja wangapi. Uliza wamekutaja kwa lipi, na lile jambo wewe ulilishuhudia? Na ukikosea, ambaye hakosi ni Mungu peke yake, sema siku ile ile, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa la leo lina mtu mmoja wa kumwomba radhi. Likilala miaka, waombwa radhi wanakuwa wengi, na wengine huwajui hata majina yao.

Mola akupe macho ya kuona kilichopo na mkono wa kuandika hicho tu. Akupe mkubwa atakayekungoja ukiandika polepole. Akukinge na sifa usiyoistahiki, na akikupa unayoistahiki akupe na usingizi wake. Na watu wakikutaja, wakalie kiti ulichowawekea na wainuke salama. Amin, mwanangu, amin.